Usifagie Kabla Hawajatua

Kwa kina Limi, msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka afike. Ukifagia akiwa bado njiani, umemfagia na yeye. Kwa basi la Kahama au garimoshi la Dar, Limi aliijua hesabu yake. Ya ndege hakuijua. Na leo ndani ya ndege alikuwemo Esta, bintiye wa miaka tisa mwenye tundu kwenye moyo, anapelekwa Bombei, India, kupasuliwa.

Asubuhi alikwenda dukani kwa Gulnaz, hapo hapo mtaani kwao Ngokolo. Gulnaz ndiye mwenye simu, na mumewe Liaquat ndiye aliyejitolea kumsindikiza mtoto kwa nauli yake mwenyewe, maana Limi alikuwa na kichanga mgongoni, na nauli iliyochangwa kanisani ilimtosha Esta peke yake.

"Shikamoo, Mama Taufiq. Hivi kutoka Dar mpaka Bombei ni mbali kiasi gani?"

"Marahaba." Gulnaz akaipima ramani ya kwenye kalenda kwa kiganja. "Shibiri moja! Bahari tupu, kilomita elfu nne na ushei. Saa sita tu. Wanaruka asubuhi, alasiri wametua."

Alipoelezwa habari ya ufagio alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Esta, ufagio wa Shinyanga utaangushaje ndege?"

Limi akacheka naye kwa adabu, lakini hakufagia. Alingoja adhana ya alasiri, akangoja na maharage yaive, ndipo akafagia nyumba nzima, hata chini ya kitanda cha Esta. Taka akazimwaga shimoni, akaenda dukani kungoja simu.

Gulnaz alikuwa amesimama kando ya simu, hacheki tena.

"Mwanangu Taufiq kapiga kutoka uwanja wa ndege Dar," alisema bila kumtazama. "Ndege iliharibika, wameruka mchana. Bado wako juu ya bahari."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Limi hakuaga. Alikimbia mpaka shimoni, akatumbukiza mikono, akazoa vumbi, maganda ya viazi, na nywele za Esta zilizodondoka alipokuwa akisukwa kwa safari. Akavirudisha vyote ndani, akavitawanya sakafuni. Nywele akaziweka chini ya kitanda, pale pale zilipokuwa.

"Nisamehe mwanangu, nisamehe," alirudia. Aliogopa hata kupiga chafya.

Jioni alirudi dukani. Duka la Gulnaz hufagiwa mara tatu kwa siku, na ole wako udondoshe ganda la karanga. Sasa maganda ya vitunguu yalikuwa yametapakaa mpaka mlangoni. Limi akaitazama sakafu.

"Usiseme kitu," Gulnaz alinong'ona. Ufagio alikuwa ameufungia kabatini.

Wakakaa, magoti yakigusana. Simu ilipolia, Gulnaz alishindwa kuinua mkono. Limi akaunyakua mkonga.

"Shikamoo, mayu," sauti ndogo ya Esta ilimwamkia mama yake kwa Kisukuma, kutoka mbali sana. "Tumefika. Baba Taufiq anatapika."

Limi akaangua kilio. Gulnaz naye alilia, akacheka, akafungua kabati na kutoa ufagio.

Limi akamshika mkono. "Acha kwanza, Mama Taufiq. Bado kupasuliwa. Na bado kurudi."

Gulnaz akaurudisha ufagio kabatini, akafunga, na ufunguo akampa Limi.