Rangi za Pampu ya Bi Ardith

Roxanne Unruh alikuwa na sheria moja tu katika karakana yake, na wiki ile aliivunja mwenyewe. Pampu kuukuu ya mafuta ikifika, kabla hujagusa hata bisibisi, unaifungua jicho. Unachukua msasa laini na maji, unachagua sehemu isiyozidi ukubwa wa sarafu, unasugua polepole mpaka rangi zote ambazo pampu iliwahi kuvaa zijitokeze, duara ndani ya duara. Hapo utajua ilizaliwa na rangi gani, imehama kampuni mara ngapi, na kama aliyekuuzia ni mwongo. Watu wote wa kazi hii hufanya hivyo, kuanzia Kansas mpaka Ohio, na asiyefanya huchekwa kwenye minada hadi atamani kurudi nyumbani.

Wa kulaumiwa alikuwa daktari wa meno. Huyu bwana wa Tulsa alitaka pampu nyekundu ya kusimamisha kwenye banda la magari yake, na alikuwa akipiga simu kila asubuhi, saa mbili kamili, kuulizia, kama mtu anayengoja mtoto azaliwe. Kwa hiyo Galen Voth alipoingia na pikapu yake, nyuma imelala pampu ya marehemu baba yake, nyekundu juu mpaka chini, Roxanne hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliinunua papo hapo. Kabla ya chakula cha mchana mumewe, Dwayne, alikuwa ameshafungua mabati yote na kuyapeleka kwa wanaopulizia mchanga, na jioni yake yalirudi meupe pee, hayana hata tone la rangi.

Asubuhi iliyofuata, Galen akarudi. Safari hii hakuja peke yake.

"Mama amesikia pampu imeondoka," alisema, sura imemshuka. "Hajanipa usingizi."

Bi Ardith Voth alishuka kwenye pikapu bila kusaidiwa, ingawa mwanawe alinyoosha mkono. Alikuwa na miaka themanini na minane, mfupi, amefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo, na mkononi alishika sahani ya mikate ya vichwa viwili, ile ambayo wanawake wa kijiji cha Brandau huoka kila Jumamosi. Alimpa Roxanne sahani kabla ya salamu.

"Wewe ndiye mwenye kupaka rangi?"

"Ndimi, Bi Ardith."

"Basi usiipake nyekundu, mwanangu. Pampu ile ilikuwa buluu."

Galen akafumba macho. "Mama, tafadhali. Ilikuwa nyekundu. Nimekulia pale. Nimeifuta vumbi kila siku mpaka nikaenda chuo."

"Ulikuwa hujazaliwa."

"Kila mtu hapa kijijini anasema nyekundu!"

"Na wao walikuwa hawajazaliwa. Au wamekufa." Bi Ardith alisema hivyo bila huzuni yoyote, kama anayetaja bei ya mayai, kisha akaenda zake kuchungulia kioo cha taa ambacho Dwayne alikuwa akikisafisha dirishani.

Galen akamvuta Roxanne pembeni, karibu na pipa la matambara. Alikuwa mwanamume mkubwa wa miaka sitini na sita, mstaafu, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila jambo linapomlemea, na sasa aliipangusa kwelikweli.

"Samahani, dada. Ndivyo alivyo siku hizi. Mwezi uliopita alisahau birika jikoni mpaka kitako kikayeyuka. Mimi ananiita Vernon, na Vernon ni mjomba wangu, marehemu. Na hii hadithi ya pampu ya buluu, anamsimulia kila mtu, mpaka mhudumu wa posta. Hii ndiyo iliyonimaliza. Jumatatu nampeleka nyumba ya wazee Wichita. Nyumba yake nimeshaitafutia dalali."

"Mwenyewe anataka?"

"Anasema atakwenda mtu akithibitisha kwamba akili zimemtoka." Galen akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nitathibitishaje, na mimi ni mwanawe?"

Roxanne aliyatazama mabati meupe yaliyorudi jana. Angefungua lile jicho siku ya kwanza, neno la mama huyu lingekuwa pale, limeandikwa kwenye bati, ama kweli ama si kweli. Badala yake ushahidi wote ulikuwa umepeperushwa kwa mchanga, na sasa uko kwenye pipa la taka la watu. Na yote hayo kwa ajili ya mng'oa meno! Alijionea aibu, na aibu ikimshika Roxanne huwa anageuka mkali.

"Dwayne!" aliita. "Kuna kipande chochote cha ile pampu ambacho hakikwenda kwenye mchanga?"

"Vyote vimekwenda, mke wangu. Si uliniambia niharakishe?"

"Sikuulizi nilisema nini. Nauliza kilichobaki."

Dwayne alijikuna kidevu. Yeye ni mtu asiyeweza kuharakishwa hata nyumba ikiungua. "Vya shaba," alisema mwishowe. "Shaba haipigwi mchanga, inaharibika. Nimevitia kwenye ndoo."

Roxanne alipiga magoti mbele ya ndoo akaanza kuchambua. Skrubu, pete, koki. Kisha akaitoa ndoano ya kutundikia mpira wa mafuta, nzito, ndefu kama kiganja, akaigeuza kwenye mwanga. Fundi mwenye adabu huiacha shaba ing'ae. Lakini wapaka rangi wa vituo vya vijijini hawakuwa na adabu hiyo. Walipitisha brashi juu ya kila kitu kilichosimama. Ndoano ilikuwa imevaa rangi nene kama mkate uliopakwa siagi na mtoto.

"Bi Ardith," alisema, "njoo ukae hapa. Bwana Galen, na wewe njoo. Nataka mama aniambie kabla sijasugua. Kuanzia juu kwenda ndani, nitakuta nini?"

Galen akasita. "Dada Roxanne, usimfanyie mtihani."

"Acha anifanyie," mama yake akasema, akivuta kiti. "Wewe wako unaufanya kila siku ukidhani sioni."

Akakaa, akakunja mikono mapajani, akafikiri. Hakufikiri sana.

"Juu kabisa nyekundu, hiyo mnaiona. Ndani yake nyekundu nyingine, imeiva zaidi. Halafu kijivu, rangi ya chini, Marlin, mume wangu, alikuwa hapaki bila rangi ya chini. Chini ya kijivu ndiyo buluu yangu. Chini ya buluu kijani, ya wakati baba mkwe alipokuwa na ushirika wa wakulima. Zaidi ya hapo sijui, nilikuwa bado kwetu Nebraska."

"Na hiyo buluu ilitoka wapi?" Dwayne aliuliza. Alikuwa ameacha kioo chake na kusogea, mkate mdomoni.

"Niliolewa Mei, baba. Juni nilikuwa nalia kila siku. Upepo, vumbi, mama mkwe anaonja supu yangu na kutikisa kichwa. Marlin akaniuliza, nifanye nini ucheke? Nikamjibu kwa hasira, kapake pampu yako buluu! Nikaenda kulala. Nilipoamka, amepaka." Bi Ardith akatabasamu. "Ilikaa mavuno yote ya ngano, wiki tatu. Kisha akaja mkaguzi wa kampuni, mapovu yanamtoka. Ikapakwa nyekundu ya kampuni siku hiyohiyo. Nani angekumbuka? Watu walikuwa mashambani."

Roxanne akalowesha msasa. Akaanza kusugua, upepo ukigonga mabati ya paa.

Nyekundu ya juu ilitoka upesi. Akafuta kwa kitambaa, wote wakainama.

Njano.

Njano ya kupiga kelele, kama mabasi ya shule. Galen alijinyoosha polepole, na usoni mwake hapakuwa na ushindi hata chembe. Alionekana kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiiogopa.

"Mama," alisema kwa upole, "hukutaja njano."

"Sikuitaja," alikubali Bi Ardith. "Endelea, mwanangu. Hiyo tutairudia."

Roxanne alisugua polepole zaidi. Alijua akizidisha nguvu atapitiliza, na rangi iliyokaa wiki tatu haiwezi kuwa nene. Ikatoka nyekundu iliyoiva. Ikatoka kijivu, na Dwayne akaacha kutafuna. Roxanne akabadilisha msasa, akachukua ule laini kabisa, akasugua kwa ncha ya kidole kimoja, akaimwagia maji, akafuta.

Duara jembamba, jembamba mno, la buluu.

"Haya sasa!" Dwayne akapiga paja, makombo yakaruka.

Chini ya buluu kulikuwa na kijani, sawasawa na alivyosema. Roxanne alicheka kwa sauti, akataka kumkumbatia yule mama, akakumbuka mikono imejaa uchafu wa rangi, akamkumbatia hivyohivyo. Bi Ardith hakujali. Alichukua ndoano, akaileta karibu na macho, akaitazama buluu ile kwa muda mrefu.

"Alichanganya mwenyewe," alisema. "Alitumia rangi ya dirisha na ya trekta. Mpumbavu wee."

Galen alikuwa amesimama, miwani mkononi. Alikuwa amefurahi, mtu yeyote angeona, lakini kama wana wote alitaka kumalizia mahesabu.

"Lakini njano, mama. Kusema kweli, njano hukuikumbuka. Pampu yetu haikuwahi kuwa njano. Hilo naweza kuapa."

"Usiape," mama yake alisema. "Utakwenda motoni bure. Niliiacha makusudi. Nilitaka kuona kama utaikumbuka mwenyewe."

"Niikumbuke mimi?"

"Ulikuwa na miaka tisa. Jumapili, ukajidai tumbo linauma usiende kanisani. Tunarudi, tunakukuta umesimama kwenye ndoo na kopo la rangi, njano mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa umemaliza ndoano tu, pampu yenyewe bado. Baba yako akakuuliza, unafanya nini? Ukamwambia unataka watu wanaopita barabarani wajue hapa kwetu kuna furaha." Bi Ardith akamgeukia Roxanne. "Marlin hakumgusa. Aliingia ndani akacheka mpaka akakaa sakafuni. Ile njano aliiacha mwaka mzima."

Galen aliitazama ile ndoano, kisha mikono yake mwenyewe, kana kwamba rangi ingali pale, na usoni ilionekana wazi kwamba anatafuta, anapekua kila mahali, wala hapati kitu.

"Sikumbuki," alisema. "Mama, sikumbuki hata kidogo."

"Naona."

"Hata kidogo!"

"Basi nikutafutie nyumba ya wazee?" aliuliza Bi Ardith. "Wanasema ile ya Wichita ina bustani."

Dwayne ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akafuata Roxanne, na mwishowe Galen mwenyewe, akicheka na machozi yakimtiririka, mtu mzima wa miaka sitini na sita akijifuta kwa mkono wa shati. Simu ya karakana ikaanza kulia. Ilikuwa saa mbili kamili.

"Na daktari wa meno tumwambie nini?" aliuliza Dwayne.

"Mwambie asubiri pampu nyingine," alisema Roxanne. "Hii inapakwa buluu."

Galen alitoka nje na simu yake. Kupitia mlango wakamsikia akimwambia dalali kwamba hapana, nyumba haiuzwi, na Jumatatu hawaendi popote, na ndiyo, ana hakika. Lile suala la birika, alisema, atanunua la umeme linalojizima. Aliporudi alikwenda mpaka mbele ya mama yake. Kisha akageuza ndoo iliyokuwa karibu, akaikalia, magoti yakamfika kifuani.

"Mama," alisema, "na kitu gani kingine nimesahau?"

Bi Ardith alimtazama kwa makini, akamfuta chozi lililobaki shavuni kwa kidole gumba.

"Mengi, Galen," alisema. "Waombe hawa kahawa."