Mkasi Ndani ya Mkoba

Fundi alishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja, na mwenye gauni akacheka mpaka alipoona mshonaji mwenyewe hacheki. Fundi aliligeuza gauni, akalipindua, akalitazama kwa ndani. Alijua kuna kosa, ila liko wapi, hapo ndipo kichwa kilipogoma.

Baada ya hapo akakata pazia la sebuleni akidhani ni kitambaa cha mteja. Binti yake, ambaye ndiye anayeishi naye na kumtunza, hakugomba. Aliuchukua mkasi, ule mkubwa wa chuma uliolika mpini kwa vidole vya Fundi, akautia mkobani mwake. Utakaa humo, alisema, mpaka daktari athibitishe kwamba baba yake ana akili timamu. Tangu hapo Fundi akawa anautazama mkoba kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Uzee huo, watu walisema. Naye akakubali, maana angebisha kwa hoja gani? Lakini ni uzee gani unaoingia kwa mkupuo? Mwaka jana tu alikuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga.

Ilianza na presha. Daktari wa kituo cha afya akampa vidonge. Presha ikashuka, miguu ikavimba. Waliporudi walimkuta daktari mwingine, kwa kuwa pale hupokezana, naye akaitazama miguu akaandika dawa ya kupunguza maji. Maji yakatoka kweli, tena kwa fujo, Fundi akawa hamalizi pindo moja bila kukimbilia chooni. Aliyefuata akampa dawa ya kuzuia mkojo. Mdomo ukamkauka, kichwa kikajaa ukungu, usingizi ukaruka. Basi mwingine akampa ya usingizi. Kila mmoja aliongeza lake akaenda zake, na hakuna hata mmoja aliyeondoa la mwenzake.

Kisha binti akasafiri kikazi. Alimwacha baba nyumbani na shangazi yake, yaani dada mdogo wa Fundi, mama asiyejua kubembeleza mtu. Alimkabidhi mkasi, dawa na maelezo marefu ambayo shangazi aliyasikiliza nusu. Binti alipotoka tu, shangazi akabwaga kila kitu mezani.

"Kaka, mimi si askari magereza," alisema. "Mkasi wako huo, dawa zako hizo. Ukijikata, usiniite."

Fundi akazikodolea macho pakiti. Ipi ya asubuhi? Kile kidogo cheupe ni cha presha au cha usingizi? Siku zote binti ndiye aliyemwekea kiganjani. Kuuliza akaona haya, kubahatisha akaogopa. Akazisukuma zote nyuma ya cherehani, akajiambia atasubiri mjuzi wake arudi.

Siku zikapita. Asubuhi moja aliamka akajua ni siku gani bila kuuliza, na hilo nalo likamchanganya. Imekuwaje? Akatoa sandukuni kitambaa cha kijani alichomwekea binti yake tangu zamani, akakikata pale pale, mkono wake mwepesi, moyo wake mweupe.

Binti aliporudi alilivaa gauni, akazunguka mbele ya kioo, akalia kidogo. Dawa zimemkubali, alimwambia shangazi, ambaye aligeukia dirishani. Hata hivyo mkasi ukarudi mkobani, kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya kliniki na mwenye kauli ni daktari.

Daktari wa safari hii naye alikuwa mgeni kwao, macho yamemchoka. Alisikiliza habari njema za binti, akafurahi, akasema basi wasiguse kitu, mzee aendelee na zote. Fundi akaingiwa na baridi. Akinyamaza, mkasi ni wake leo hii. Lakini binti alikuwa akishukuru kitu ambacho hakikutokea.

"Sikuvimeza," alisema.

"Unasemaje, mzee?"

"Vidonge. Hata kimoja. Sikujua kipi ni kipi, mwanangu, nikaogopa."

Daktari akamtazama binti kwa huruma, ile huruma inayopita juu ya kichwa cha mzee. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ndivyo mambo haya yanavyoanza, wazee husahau hata dawa. Akaanza kuandika nyingine, ya kusaidia kumbukumbu.

Fundi aliyasikia yote. Mkasi ndio umekwenda hivyo. Akajiuliza kama kweli alisahau na sasa anakumbuka vibaya, maana huyu ni daktari na yeye ni nani? Mambo yakaanza kumzunguka tena, safari hii bila kidonge chochote. Alitamani kulia.

Binti alikuwa akitazama mkono wa gauni lake la kijani. Akaunyoosha, kisha akaunyoosha wa pili. Wa kulia ulikuwa kulia, wa kushoto kushoto, na yote miwili ilikaa vizuri mabegani.

"Daktari, hiyo usiandike kwanza," alisema. "Tuanze na ile ya mwanzo kabisa. Ilikuwa ya nini, na bado anaihitaji?"

Daktari alitaja foleni iliyoko nje. Binti akasogeza kiti karibu na meza. Halafu akafungua mkoba, akapekua chini ya leso na funguo, akautoa mkasi, akauweka mapajani mwa baba yake.