Skuta Iliyozima Kwenye Njia ya Misikhu

Skuta ilizima mara ya kwanza kilomita chache baada ya Kiminini, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Haikukohoa wala kutoa moshi. Ilipungua nguvu polepole, ikanyamaza, na Nekoye akateleza hadi kando ya barabara, kimya, akisikia magurudumu tu.

Alikuwa anatoka Kitale kwenda kortini Bungoma. Saa tatu alitakiwa kusimama mbele ya hakimu na kueleza alichokiona Jumapili moja mwaka uliopita, alipokuwa karani katika ghala la mbolea karibu na Mabanga. Mifuko mia na ishirini ilipotea, na mlinzi, Khisa, ndiye aliyeshikwa. Huu ulikuwa mwezi wake wa tisa rumande, kwa kuwa hakupata mtu wa kumwekea dhamana.

Nekoye alijua Khisa hakuiba. Jumapili hiyo alirudi ghalani kuchukua miwani aliyokuwa amesahau, akamkuta meneja mwenyewe, Makokha, amesimama kando ya lori, funguo mkononi, watu wakipakia. "Ni mzigo wa kupeleka Sirisia," Makokha alimwambia, ingawa hakuwa ameulizwa. Jumatatu polisi walipokuja, Nekoye alinyamaza. Akaacha kazi, akahamia Kitale kwa dada yake, akafungua duka dogo la kushona nguo, na kwa miezi saba akaendelea kunyamaza. Kisha mke wa Khisa, Nelima, akamtafuta mpaka akampata. Hakulia wala kumbembeleza. Alikaa kwenye kiti cha wateja akauliza, "Dada, wewe ulikuwa hapo siku hiyo?" Nekoye akasema ndiyo.

Jana yake jioni Makokha alipiga simu. Nani alimpa namba, Nekoye hakujua.

"Nasikia una safari kesho, madam," alisema kwa upole. "Uendeshe pole pole. Hiyo barabara inamaliza watu."

Ndiyo maana hakupanda matatu. Ndugu ya Makokha alikuwa msimamizi wa steji ya magari ya Bungoma. Ndiyo maana pia hakulala vizuri. Kufuli ya kiti cha skuta ilikuwa imevunjika kitambo, na chini ya kiti ndipo palipo na mdomo wa tangi. Mtu yeyote angeweza kuinua kiti na kumwagia sukari au maji kwenye petroli. Kwa hiyo alijaza tangi pomoni, akakifunika kifuniko kwa karatasi ya nailoni, akakizungushia selotepu raundi nyingi, kisha akaisukuma skuta mpaka ndani ya jikoni ya dada yake.

Sasa aliinua kiti. Nailoni ilikuwa vile vile alivyoiacha, selotepu haijaguswa. Akashusha pumzi. Hakuna aliyetia kitu. Geji ilionyesha tangi limejaa. Akashika breki, akabonyeza stata. Ilizunguka vizuri, kwa hiyo betri ilikuwa na moto. Akapiga kiki mara kumi, ishirini, mpaka goti likauma. Alitoa spana kwenye begi, akafungua plagi jinsi mumewe marehemu alivyokuwa akifanya, akaipangusa kwa upindo wa leso. Ilikuwa kavu. Akairudisha. Bado. Alikaa kwenye nyasi akiitazama saa kwenye simu. Ilipofika saa moja na nusu akajaribu tena bila matumaini, na skuta ikawaka kana kwamba haijawahi kuwa na shida.

"Ilikuwa plagi," alijiambia.

Kabla ya kufika Kamukuywa ikazima tena, vile vile, polepole.

Safari hii aliogopa. Alianza kuwaza kila mtu aliyepita karibu na jikoni ile. Kijana wa maziwa. Mpangaji wa nyumba ya nyuma. Hata dada yake, ambaye mara mbili alimwambia aachane na mambo ya watu. Akafungua plagi, akaipangusa, akaifunga. Haikuwaka. Akaketi akangoja, akajaribu tena, ikawaka. Saa mbili na robo. Wakili wa Khisa akapiga simu.

"Uko wapi, mama?"

"Niko njiani. Skuta inanisumbua."

"Hakimu ana kesi nyingi leo. Akituita na hakuna shahidi, atafunga upande wetu. Khisa hana shahidi mwingine, unajua?"

"Najua."

Mara ya tatu ilizima kwenye mteremko, kituo cha Misikhu kikionekana mbele kwa mbali. Nekoye alikuwa ameinamia injini, mikono myeusi, aliposikia gari likipunguza mwendo nyuma yake. Pikapu nyeupe. Aliijua kabla hajamwona dereva. Alikuwa Jairus, dereva wa Makokha, mtu aliyekuwa akinywa naye chai ya saa nne kila siku walipokuwa wote ghalani.

"Madam Nekoye," Jairus alisema, akitoa kiwiko dirishani. "Sasa?"

"Salama."

"Imekufa?"

"Inapoa tu."

Jairus aliitazama skuta, kisha akamtazama yeye. "Si unaenda Bungoma? Na mimi naenda. Panda. Hiyo tutaiweka nyuma."

Nekoye aliitazama simu. Saa tatu kasoro. Pikapu ingemfikisha mapema, kama ingeenda Bungoma. Kati ya hapo na Bungoma kulikuwa na njia nyingi za vumbi zinazoingia kwenye mashamba ya miwa, na gari likiingia huko hakuna anayeliona.

"Nani amekutuma, Jairus?"

"Ati nani amenituma? Nimekuona tu." Lakini alisema akiangalia usukani. Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Madam, hii maneno wachana nayo. Mimi nina watoto. Wewe pia una wako. Panda nikurudishe Kitale, tumalize."

Basi hata hakuwa anaenda Bungoma. Nekoye alishika mikono ya skuta, akapiga teke stendi, akaanza kuisukuma kuteremka. Alikuwa akijiambia asikimbie, asigeuke nyuma. Pikapu ilimfuata pole pole, kama mtu anayesindikiza maiti, mita kumi nyuma, mpaka kwenye vibanda vya kwanza, ambapo akina mama walikuwa wanapanga nyanya. Hapo ikaongeza mwendo, ikampita.

Aliuliza fundi. Wakamwonyesha kibanda cha mabati chenye matairi mlangoni. Fundi alikuwa mzee kidogo wa kutoka upande wa Mlima Elgon, jina lake Kibiwott, na alikuwa anakula mkate.

"Tafadhali baba, niko na haraka."

"Ilianza lini?" Kibiwott aliuliza, bila kusimama.

"Leo. Tafadhali, iangalie tu."

"Nikiiangalia bila kuuliza nitaifungua yote mpaka jioni. Inazima ghafla ama inapungua?"

"Inapungua."

"Inatembea umbali gani?"

"Kama kilomita kumi. Hata chini yake."

"Na ukingoja?"

"Inawaka."

"Bila kufanya kitu?"

Nekoye alifikiri. Alikuwa amejiaminisha kwamba ni plagi, lakini mara zote mbili ilikataa baada ya kupanguswa na kukubali baada ya kungoja. "Bila kufanya kitu," alikiri.

Kibiwott alipangusa mikono kwenye suruali. "Hiyo petroli haishuki. Fungua kiti."

Aliigusa nailoni kwa kidole. Akatoa kisu, akakata selotepu, akaibandua, akazungusha kifuniko. Tangi likavuta hewa kwa sauti, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini na sasa ameibuka. Fundi akainua kifuniko akamwonyesha kitundu kidogo kama cha sindano.

"Tangi linapumulia hapa. Petroli ikitoka, hewa iingie. Umeziba, basi hewa haiingii na petroli inabaki juu. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo, unatembea tena kidogo." Alimtazama. "Nani amefunga hivi?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa watu."

Kibiwott alirudisha kifuniko, akabonyeza stata, injini ikawaka mara moja. Nekoye alipofungua pochi, fundi alimpungia mkono aende, mkate tayari uko mdomoni.

Nekoye alipita Webuye bila kusimama, akisikiliza injini, kila kilomita akingoja ipungue. Haikupungua. Mara mbili aliona pikapu nyeupe na mara mbili haikuwa ile. Saa nne na dakika tano aliiacha skuta kwenye lango la korti, akaingia na mikono yake myeusi.

Wakili alikuwa amesimama akiomba dakika tano nyingine. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya kuchoka, alikuwa tayari ameshika kalamu. "Bwana wakili, nimekupa saa nzima."

"Mheshimiwa, ndiye huyu," wakili alisema.

Makokha alikuwa ameketi benchi ya pili, mguu juu ya mguu. Nekoye alipita karibu naye mpaka nguo zao zikagusana. Alipoinua Biblia kuapa, aliacha alama za vidole vya grisi kwenye jalada. Akaeleza lori, funguo, Jumapili. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa nini alikaa kimya muda wote huo, na kama si kwamba amenunuliwa.

"Niliogopa," alisema. "Hata leo nimekuja nikiogopa."

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye. Khisa aliachiliwa. Makokha alichukuliwa na polisi mwezi uliofuata, na hadi sasa kesi yake inaendelea.

Siku ya uamuzi Nekoye alikuwa nje ya korti, hajui kama asogee au aondoke. Khisa alitoka na Nelima, shati likimpwaya mabegani. Alikuja mpaka mbele yake.

"Ulinyamaza miezi saba," Khisa alisema.

"Ndiyo."

"Mama yangu alizikwa nikiwa na miezi mitano ndani. Sikuenda."

Nekoye aliinamisha kichwa. Nelima ndiye aliyesema, "Twendeni tunywe chai." Wakaenda watatu mpaka hoteli ndogo nyuma ya soko. Chai ikaletwa, na mandazi. Khisa akasogeza sahani ya mandazi upande wa Nekoye, akaiacha hapo.