Moto Uliopita Ardhini

Lile shimo la moto uani lilimpa kichwa kaka mtu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na alilichimba kwa masharti yote: mbali na ukuta, mawe kulizunguka, hakuna kamba ya nguo juu yake, ndoo ya mchanga kando. Juzi jioni yeye na dada yake mdogo waliota moto hapo mpaka maneno yakawaishia. Akaufukia kwa mchanga, akasema umekufa.

Leo asubuhi dada huyo alikuwa akifagia ua, pekupeku, akahisi ardhi ina joto. Jua lilikuwa bado halijafika pale. Akachutama, akaweka kiganja. Akasogea, akapapasa tena. Nyasi zilikuwa zimekauka kwa mstari mwembamba, kama njia ya siafu, kutoka shimoni kuelekea chumba cha mama. Chumba chenyewe cha mbao, na mama tangu apooze hainuki bila kushikwa.

Alipoitwa, kaka alikuja na kikombe cha chai mkononi, akamuuliza tangu lini amekuwa mganga wa kupapasa udongo.

"Weka mkono, kaka."

Akaweka. Chai ikamwagika asijue. Ndipo wakakumbuka mti uliokatwa pale zamani. Kisiki waling'oa, lakini mizizi hakuna aliyeihangaikia.

Kwanza wakambeba mama na godoro lake mpaka sebuleni. Njiani akawaambia kwamba alfajiri mkono wake mbovu ulihisi sakafu vuguvugu, akafurahi, akajua unaanza kurudi. Wakamlaza taratibu, wakarudi uani.

Kaka akachimba mbele ya ukuta wa chumba cha mama. Mzizi ulipokatika wakarudi nyuma wote wawili. Ndani ulikuwa mwekundu tupu, hauna moshi wala sauti. Upepo ukipita, wekundu ule unapanda, kisha unashuka taratibu, kama kitu kinachovuta pumzi.

"Umetembea wenyewe," kaka akanong'ona.

Dada akamwaga maji, akakoroga tope, akamwaga tena, mpaka mkono ukaingia bila kuungua. Wakaufuata mzizi kinyumenyume hadi shimoni, wakaondoa mchanga. Chini yake makaa yalikuwa macho.

Walipoyamaliza nayo, dada akarudi kwenye ukuta wa mbao, akapapasa ardhi kuanzia pembe hadi pembe, kisha sakafu ya ndani. Baridi. Akapapasa tena. Hata hivyo aliyemwambia mama kwamba leo analala sebuleni ni kaka, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna kitu ardhini kinasikiliza.