Upande wa Kulia

Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa kulia wakati sumaku ilipoteleza. Nilikuwa nimeitia ndani ya soksi isije ikakwaruza rangi, naipitisha polepole juu ya bodi ya gari la mke wangu, kama mtu anayepiga pasi kitambaa cha hariri. Yalikuwa mazoezi tu. Nimesoma mahali kwamba sumaku hushika bati na haishiki puti, ule udongo mgumu ambao mafundi huzibia mabonde kabla ya kupaka rangi. Nilitaka kuizoea kabla hatujaanza kuzunguka gereji. Lakini upande ulioumizwa ni wa kushoto, ule uliogongwa na lori la mchanga gari likiwa limesimama. Huku kulia hakukuwa na hata mkwaruzo. Nikairudisha sumaku. Ikaanguka tena.

Juu ya boneti wingu lilikuwa linapita. Nililitazama mpaka likaisha.

Ni gari la spoti, jekundu, la viti viwili, limelala chini kiasi kwamba ukiingia unadhani umeketi barabarani. Mke wangu alilitamani tangu usichana, akalipata wanetu walipokwisha kuoa na kuolewa. "Halijaguswa na fundi tangu lizaliwe," huwaambia wageni, na sauti yake hushuka. Tangu ligongwe, jioni huketi ndani yake hapo uani, macho ameyafumba, na nikimwita huchelewa kuitika, kama mtu anayerudi kutoka mbali. Ana hofu moja tu: kwamba fundi atamrudishia gari jingine lenye sura ya lile.

Mimi sasa nilijua kwamba jambo hilo lilikwisha kutokea, zamani, kabla hajalinunua. Sikusema. Nilijiambia huenda sumaku ndiyo mbovu.

Kesho yake tulianza na gereji yenye sakafu ya marumaru na viti vya wageni. Kijana aliyetupokea aliangalia kompyuta zaidi kuliko alivyoliangalia gari. "Tutang'oa upande wote, tuweke mpya. Hamtatambua kitu."

"Hicho ndicho ninachokiogopa, mwanangu," mke wangu alimjibu, tukaaga.

Fundi wa pili alitoka mwenyewe hadi barabarani, akainama mbele ya taa za gari. "Shikamoo, bibie!" alilisalimu. Kisha akazunguka akisifu. "Mama, hili halijawahi kuonja nyundo. Tazama huku kulia, hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani. Nikidanganya nife."

"Usife kwanza, atalinyoosha nani?" mke wangu akasema, na uso wake ukachanua kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori.

Tulipoingia garini alishusha pumzi. "Tumeshapata fundi."

Barabara ilikuwa tupu, na vivuli vya nguzo vilipita juu yetu kimoja kimoja, taratibu, kama kurasa. Pengine yule bwana hakudanganya. Pengine hakuona tu. "Twende na kwa yule wa tatu," nikasema.

"Wewe baba! Ukienda kununua nyanya unabonyeza soko zima."

"Na bado narudi na iliyooza."

Akacheka, akakata kona.

Yule wa tatu watu humwita Taratibu. Uwanja wake una kuta nyeupe pande zote, na alasiri ile mwanga ulikuwa umetuama ndani yake kama maji kisimani. Alitukaribisha, akachukua kipande cha flana, akakiweka chini ya kiganja na kuanza kulipapasa gari, uso ameugeuzia kwingine, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. Bonde la kushoto alilipita upesi. Akahamia kulia. Mlangoni mkono ukasimama, ukarudi, ukasimama.

"Mama, huyu aliwahi kuumia huku."

"Halijaguswa hilo," mke wangu akasema.

"Limeguswa, mama. Na aliyeligusa alikuwa fundi kweli. Mimi nikimpata nampa kiti changu, nafagia uwanja."

Mke wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Ulijua?"

"Tangu jana. Sumaku haikushika."

"Ukaniacha nimsifu yule mwongo hadi nikatamani awe mkwe wangu!"

"Binti zetu wote wameolewa."

"Ndiyo salama yake. Na yako." Akaweka kiganja pale mlangoni, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesahau kuwa tupo. "Fungua," akamwambia fundi. "Nataka kuona."

"Pamepona hapa, mama. Nikipagusa, hapafungiki tena kama palivyokuwa."

"Mficha uchi hazai."

"Haya, lakini..."

"Nami nimezaa watatu. Fungua, baba."

Taratibu akalowesha msasa, akasugua mahali padogo, kwa miduara. Maji mekundu yakatiririka hadi chini. Chini ya wekundu kukatokea kijivu, kisha buluu, buluu ya alfajiri kabla ndege hawajaamka, na katikati weupe wa puti. Rangi zikazungukana, duara ndani ya duara, kama jicho linalofumbuka.

Mke wangu alichuchumaa. "Kumbe lilikuwa la buluu," akasema. Nilisubiri ahuzunike. Lakini kidole chake kilikuwa kinafuata ukingo wa buluu, kinauzunguka. "Huyo aliyekuwa nalo wakati huo alikuwa akienda wapi?"

Akainuka, akamkabidhi Taratibu ufunguo bila kuniuliza, nami nikaona hapakuwa na haja ya kuulizwa.

"Bonde la lori nitalivuta kesho," fundi alisema. "Ila rangi, mama? Turudi kwenye nyekundu?"

"Sijui." Akafikiri. "Kwa kweli sijui."

"Basi tuache. Jua limeshuka, na rangi haichaguliwi gizani. Kesho mje mapema, tulitoe nje, lenyewe lituambie."

Alikata karatasi na kuibandika juu ya duara ili vumbi lisiingie. Ulikuwa umebaki utepe wa mwisho tu mke wangu aliposhika ukingo wa karatasi, akaomba achungulie tena kidogo.