Risala ya Dakika Tatu

Mashine ya kusafisha damu haikuwa na habari na foleni. Saa tatu kamili asubuhi kiti kilikuwa cha Mzee Januari, saa saba kamili kilikuwa cha mgonjwa mwingine, na basi likikwama njiani akachelewa dakika arobaini, dakika hizo zilikatwa kwake, si kwa waliojaza barabara. Wauguzi hawakuwa na roho mbaya, walikuwa na orodha. Mkewe, Adelina, alikwisha kuzoea. Mumewe akipunjwa nusu saa, miguu ilivimba jioni. Akipunjwa saa nzima, alilala ameketi kitini, maana akijilaza pumzi zilimwishia.

Daktari aliwaambia bila kuzungusha kwamba wakiendelea hivyo moyo hautahimili hadi majira ya joto. Akawashauri watoke nyumbani mapema. Mapema! Jumatatu, Jumatano na Ijumaa walikuwa wakitoka saa moja kasoro robo kwenda mahali ambapo barabara ikiwa wazi ni mwendo wa nusu saa. Adelina alitamani amwambie yule daktari apande basi lao mara moja tu, asimame kwenye baridi ya Novemba, kisha arudi aseme tena hilo neno lake. Hakumwambia. Alisema ndiyo daktari, akamfunga mumewe kitambaa shingoni, wakaondoka.

Waliishi Weston, mtaa wa jiji la Toronto, Canada, ghorofa ya tisa. Dirishani waliiona treni mpya ya uwanja wa ndege ikipita kila robo saa, imenyooka, viti vitupu, lakini ilikuwa ikienda mjini na uwanja wa ndege, na hospitali yao ilikuwa upande mwingine kabisa, kaskazini, ng'ambo ya barabara kuu ya 401. Magari ya jiji ya kubeba walemavu yalikuwa ya wasioweza kutembea, na Januari alitembea, ingawa kila hatua thelathini alisimama akijifanya anatazama madirisha ya maduka. Teksi mara tatu kwa wiki ni mambo ya watu wengine. Likabaki basi.

Mwaka huo wa 2015 wataalamu wa jiji walipendekeza jambo ambalo Adelina alilisoma mara tatu ili aamini: barabara inayopita mbele ya maghorofa yao itengewe njia maalumu ya mabasi, njia moja kila upande, gari dogo lisiguse. Basi lingefika hospitali kwa dakika thelathini na tano. Ilibaki kamati ya madiwani ipige kura, na yeyote aliyetaka kuisemea au kuipinga angeandikisha jina na kupewa dakika tatu.

Aliyewaletea habari ni Nyaboke, jirani yao Mkenya wa ghorofa ya sita, mhudumu wa wazee, ambaye naye basi lilikuwa limemtia kwenye matatizo na msimamizi wake.

"Mama Clinton, nimeandikisha jina lako," alimwambia Adelina, akimwita kwa jina la mwanawe kama wote walivyozoea. "Thursday asubuhi. Ni three minutes tu, na hao watu hawachezi na time. Waambie straight: mzee wangu anakatiwa dialysis juu ya jam. Hiyo tu. Halafu ukae chini."

"Nani azungumze?" Januari aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Mama Clinton. Ama wewe, Mzee, ukitaka. Nitabadilisha jina."

Hapo Adelina angesema la, mambo yangekwisha. Lakini alimwona mumewe akijivuta na kuketi wima kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Miaka kumi na minane Januari alikuwa katibu tarafa huko kwao Karagwe. Amepokea mawaziri, amepokea wakuu wa mikoa wasiohesabika, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kukanyaga tarafa yake bila kusomewa risala iliyoandikwa kwa mkono wa Januari. Canada ilikuwa imemfanya mtu wa kupimwa presha na kuambiwa avue koti. Ungekuwa wewe, ungemnyima?

"Azungumze baba Clinton," Adelina alisema.

Siku tatu Januari aliandika. Aliandika, akakata, akanakili upya kwa mwandiko wake mzuri wa kiserikali. Jumatano jioni akamsomea mkewe, na Adelina, aliyekuwa akimenya viazi, akasikia kisu kikisimama chenyewe mkononi.

"Mbona ugonjwa wako uko mwisho?"

"Changamoto na maombi huwa mwisho. Kwanza salamu, kisha shukrani, kisha mafanikio, ndipo changamoto. Hiyo ndiyo risala."

"Lakini Nyaboke kasema dakika tatu. Anza na figo, Januari. Nakuomba. Figo kwanza, shukrani baadaye."

Akamtazama kwa huruma kabisa, kama anavyotazamwa karani mgeni. "Huwezi kuingia nyumbani kwa watu ukaanza na kilio, Adelina. Mtu mzima husikilizwa kwa sababu ameheshimu kwanza. Hizo dakika tatu ni za wahuni wasiojipanga. Ukiwa na maneno ya maana, mwenyekiti hukuongezea."

Hata ile njia ya mkato ya wenzake, kusema "itifaki imezingatiwa" na kuendelea na mambo, Januari aliiona ni uvivu. Kwake itifaki ilizingatiwa kwa kutajwa, mmoja baada ya mwingine. Adelina akarudi kwenye viazi vyake.

Alhamisi walifika ukumbini mapema kwa sababu Nyaboke aliwabeba kwa gari la shemeji yake. Januari alivaa suti ya kijivu iliyokuwa imembana zamani na sasa ilimpwaya. Ukutani kulikuwa na saa ya tarakimu nyekundu inayohesabu kwenda chini. Mtu wa kwanza alikuwa mwenye duka la samani. Akasema mkituondolea maegesho tutafunga maduka, watu thelathini watakosa kazi, asanteni. Akaketi. Saa ilikuwa bado na dakika mbili na ushei. Yule ndiye alikuwa adui yao, na alijua kusema.

Likaitwa jina lao. Januari akaenda kwenye kipaza sauti polepole, akaikunjua karatasi, akasubiri ukumbi utulie. Ukumbi ulikuwa umetulia zamani. Saa ikaanza.

Akamsalimu mheshimiwa mwenyekiti. Akawasalimu waheshimiwa madiwani kwa majina, wote sita, kila mmoja na eneo lake, maana alikuwa ameyakariri. Akawasalimu wataalamu, akamsalimu karani. Akawaomba wajumbe aliofuatana nao wasimame watambulike, na Adelina na Nyaboke wakasimama kama watoto wa shule, wakaketi. Dakika moja na nusu ilikuwa imekwenda. Nyaboke akaegemea sikioni kwa Adelina, akasema, "Mungu wangu, si aseme basi!"

Kisha shukrani. Kwa niaba ya wakazi wa Weston aliishukuru serikali ya jiji kwa mabasi safi yenye joto, kwa madereva wenye adabu, kwa kiti kinachoachwa wazi kwa ajili ya wazee. Alitamka Kiingereza chake cha ofisini, kila neno limepigwa pasi. Akasema hata nyumbani, Dar es Salaam, hivi sasa wanajenga barabara za mabasi yaendayo haraka, lakini Toronto imetangulia na ni mfano wa kuigwa. Madiwani wawili wakatabasamu. Na Adelina, Mungu amsamehe, kwa sekunde chache alijisikia fahari, maana alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu waje nchi hii.

"Pamoja na mafanikio hayo, mheshimiwa mwenyekiti," Januari alisema, akageuza ukurasa, "zipo changamoto."

Kengele ikalia.

"Ahsante sana, bwana. Muda wako umekwisha. Kuna diwani mwenye swali kwa mzungumzaji?"

Hapakuwa na swali. Januari akabaki amesimama na ukurasa wa pili mkononi, akimngoja mwenyekiti amwongezee. Mwenyekiti akaita jina lingine. Adelina akainuka. Akasema kwa nguvu kwamba mumewe ni mgonjwa, kwamba hajasema alichokuja kusema. Mwenyekiti, kwa upole mkubwa sana, akamwambia mama tafadhali uketi, hukuandikishwa. Akaketi. Hilo la kuketi hakujisamehe kamwe.

Mjadala ulikwenda mbio, Kiingereza cha watu wanaokatana kauli, na Januari, ambaye sikio la kushoto lilikuwa linazidi kumtupa, aliinamisha kichwa kujaribu kukifuata. Mwishoni diwani mmoja mwenye miwani mikubwa akaomba nafasi. Akasema wataalamu wanatuambia wakazi wa Weston wanateseka. Lakini leo bwana mmoja wa Weston, mpanda basi wa kila wiki, amekuja mwenyewe hadi hapa, na tumemsikia sote. Hakulalamika. Ametushukuru. Akaiangalia karatasi yake akalitaja jina: Januari. Kisha akapendekeza jambo hilo lirudishwe kwa wataalamu lichunguzwe upya, ripoti ije 2018. Kura nne zikakubali, mbili zikakataa.

Nyaboke aliwahi zamu, hivyo walirudi kwa basi. Walikuwa hawajavuka vituo vitatu Januari akageuka, macho yanang'aa.

"Umesikia? Diwani kanitaja jina. Mbele ya kamati. Miaka sita nchi hii, nani amewahi kunitaja jina?"

Adelina alijaribu kunyamaza. Alitazama nje, akayahesabu magari yaliyosimama sambamba nao, kila moja na mtu mmoja ndani, mmoja wao anakula ndizi. Hasira ilimpanda, hasira ya viazi, ya kura nne, ya kuambiwa uketi mama.

"Amekutaja ili akatae!" alisema, na abiria wakageuka. "Amesema wewe umeridhika. Amechukua shukrani zako akazifanya ushahidi. Njia ya mabasi haipo, Januari. Mpaka 2018, na hapo nako ni ripoti tu."

Januari akaikunja risala, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Adelina, aliyekuwa ametaka sana mumewe aujue ukweli, angetoa chochote aurudishe mdomoni. Mtu alikuwa ameipata furaha ya siku moja kwa miaka sita, na yeye kaipokonya kabla hata hawajashuka.

Ijumaa asubuhi alimkuta ameketi kitandani, soksi moja mguuni.

"Siendi," Januari alisema.

"Vaa kiatu."

"Kwenda nako ni kuchelewa. Kubaki ni kuchelewa. Nimechoka, Adelina. Niache nipumzike nyumbani kwangu."

Adelina akapiga magoti, akamvisha soksi ya pili, akamvisha viatu, akafunga kamba. Januari hakumsaidia wala hakumzuia. Walitoka saa kumi na mbili na nusu, mapema kuliko siku zote, na kwa vituo vinne vya kwanza basi lilikwenda vizuri hivi kwamba Adelina alianza kuthubutu kutumaini. Kisha, kabla ya daraja la 401, taa nyekundu za magari ya mbele zikajipanga hadi upeo wa macho. Dereva akazima injini. Mtu akasema kuna ajali. Mwingine akasema hakuna ajali, ni Ijumaa tu.

Januari alimwangukia begani, akasinzia. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho na pumzi zilitoka fupifupi, kwa kazi. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu. Saa iliyo juu ya kichwa cha dereva ilipofika saa tatu na dakika ishirini walikuwa bado wanaliona daraja lile lile.

Januari akafumbua macho kidogo.

"Saa ngapi?"

"Bado mapema," Adelina alisema. "Lala."