Wageni wa Kompyuta Yangu

Kompyuta yangu ilikuwa inaamka kwa dakika ishirini na mbili. Sikisii. Nilikuwa naiwasha, navuka barabara kwa Siti muuza chapati, nakunywa chai kikombe kizima, napewa habari za Mtaa wa Sikukuu wote, nani kahama na nani kahamia, narudi, na yenyewe bado inazungusha kiduara chake kama mtu anayetafuta kiatu cha pili uvunguni.

Na niseme ukweli, sikuwa na haraka ya kuitibu. Anayekuja kuchapa barua akikuta kompyuta haijaamka, anakaa kwenye benchi. Akikaa, anaongea. Mimi nimezaliwa Songea katika nyumba ya watu kumi na mmoja. Duka tupu linaniuma kichwa.

"Dada Hyasinta!" Zakayo alikuwa akinipigia kelele kutoka duka lake la ng'ambo. "Hiyo si kompyuta, ni mtungi. Panda maua humo!"

Zakayo anachapa na kutoa kopi kama mimi, ila yeye ana kompyuta mpya na cheti cha chuo, kakitia fremu, kakitundika mahali anapokiona hata aliye juu ya bodaboda. Mimi kompyuta nimeisomea migongoni mwa watu, nikiwachungulia mabegani.

Sasa, Jumanne Mzee Ansbert akafariki.

Kama humjui Mzee Ansbert, basi hujapata kununua sufuria Kariakoo. Aliuza vyombo kwa jumla tangu mimi sijazaliwa. Nilipofika mjini sina hata pa kuweka stuli, ndiye aliyenionyesha kibaraza cha duka lake akasema, "Mwanangu, weka mashine yako hapo, wateja wangu watakuletea karatasi." Nilikaa pale miaka minne, na hakuwahi kuniambia sogea. Kwa hiyo binti yake mkubwa, Fortunata, alipoingia na wasifu wa marehemu ulioandikwa kwa mkono, pamoja na picha yake ya suti, nilimwambia kabla hajakaa: "Da' Fortunata, hii kazi wangempa mtu mwingine ningemnyang'anya."

Kopi mia moja na hamsini. Ijumaa saa sita misa ya kumuaga, saa saba basi la msiba linaondoka kwenda Rombo kuzika. Alhamisi niliandika kila kitu, lakini orodha ya wajukuu ikabadilishwa mara tatu, kila upande wa ukoo ukidai umesahauliwa, na kuchapa kukabaki asubuhi ya Ijumaa.

Ijumaa umeme nao ukaja na wazimu wake. Unakuja dakika ishirini na tano, thelathini ukibahatika, unakatika. Piga hesabu mwenyewe: dakika ishirini na mbili za kuamka, robo saa ya kuchapa. Mara ya kwanza ulikatika kompyuta imefumbua jicho moja. Mara ya pili nilikuwa nimetoa kopi sita.

Saa nne Fortunata akaja amejifunga khanga nyeusi, macho mekundu.

"Dada Hyasinta, msiba hausubiri. Kompyuta ya Zakayo inaamka mara moja. Umeme ukirudi na wewe ukashindwa tena, nampelekea."

Sikuweza kumlaumu. Lakini nilijiona nimesimama kanisani, nimeshika karatasi ya Mzee Ansbert iliyochapwa ng'ambo, na nikaona aibu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Beno. Beno ni fundi simu wa Buguruni. Wiki iliyotangulia alikuja kupiga picha za pasipoti, akakaa benchini kungoja kompyuta kama watu wote, akacheka.

"Mama, hii haijazeeka," alisema. "Ina wageni. Kila programu uliyowahi kuweka inaamka pamoja nayo, hata kama huna kazi nayo. Wazuie mlangoni. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Startup, utaiona orodha ya zinazoamka."

"Mimi nifukuze wageni?" nilimjibu. "Hunijui."

"Hufukuzi, mama. Wanabaki humo humo. Unawaambia tu wasije mpaka waitwe. Ila usimguse anayelinda virusi, na usimguse usiyemjua."

Siku ile nilicheka nikaachana naye. Leo maneno yake yote yalirudi kichwani, moja moja.

Umeme ukarudi. Nikaiwasha, tukangoja. Benchi lilijaa: Siti kaacha chapati, Angelina wa kwaya yupo, Fortunata kasimama kwa sababu hakukaliki. Dakika ishirini na mbili zikaisha, kompyuta ikaamka.

"Haya, chapa!" Fortunata akasema.

Sikuchapa. Kwanza nilinakili kazi yake kwenye flashi nikamkabidhi mkononi. "Hiyo ni haki yako. Nikishindwa, nenda." Kisha nikabonyeza vitufe vya Beno.

Orodha ikafunguka. Programu kumi na tisa! Na nyingi nilijua zimeletwa na nani.

"Siti! Hii ya kuongea kwa video na mumeo aliyeko Muscat, naweza kuizuia isiamke asubuhi?"

"Izuie, shoga yangu. Mume mwenyewe asubuhi simhitaji."

Benchi likapasuka kwa kicheko, na mimi nikazuia. "Angelina, ya nyimbo za kwaya?"

"Mungu hakasiriki. Zuia."

"Ya karata je? Nani kaniletea mchezo wa karata?"

Angelina akaangalia dari.

"Dada Hyasinta!" Fortunata alikuwa analia sasa. "Umeme upo, na wewe unacheza karata? Baba yangu yuko kwenye jeneza!"

"Da' Fortunata, nikichapa sasa nitatoa kopi kumi, umeme ukatike. Nipe dakika mbili."

Nikaendelea. Ya kalenda, ya picha, ya printa niliyoiuza zamani ambayo programu yake bado ilikuwa inaamka kila siku kuitafuta. Nikazuia kumi na tano. Nikaacha nne: mlinzi wa virusi, na tatu nisizozijua. Kisha nikaiamuru kompyuta izime na iwake upya. Ikazima.

Na umeme nao ukazima.

Nilikaa mbele ya kioo cheusi nikiwaza: je, kama nimemzuia hata mwenye nyumba? Kama haitaamka kabisa? Zakayo, ambaye taarifa humfikia kabla haijatokea, alikuwa ameshasimama mlangoni kwangu.

"Da' Fortunata, pole kwa msiba. Nipe hiyo flashi nijiandae. Huyu dada yetu ni mtu wa watu, lakini kazi kama hii inataka mtu aliyesoma."

"Umeme ukirudi," nikamwambia, "mimi na wewe tuwashe pamoja. Da' Fortunata asimame katikati ya barabara. Atakayemwonyesha kwanza sura ya baba yake, ndiye."

Fortunata akatutazama, akafuta uso kwa khanga. "Sawa," akasema. "Lakini flashi naishika mimi."

Saa nne na dakika hamsini mtaa mzima ulipiga kelele, uuuuu! Ndivyo tunavyoupokea umeme. Zakayo akakimbilia kwake. Nikabonyeza. Siti akaanza kusoma sekunde kwenye simu yake. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikatoweka, na ile picha ya shamba la mahindi niliyoiweka kwenye kioo ikatokea.

"Dakika moja na sekunde arobaini!" Siti akapiga vigelegele, kisha akakumbuka kuna msiba, akajiziba mdomo.

Zakayo alikuwa mlangoni kwake anaita, "Tayari huku! Leta flashi!" Kweli, yake ilikuwa imeamka zamani. Lakini kazi ilikuwa kwangu, imeandikwa na kupangwa, na printa yangu ilishapata moto. Karatasi ya kwanza ikatoka. Nikatoka nayo nje, nikaiinua kwa mikono miwili juu ya mikokoteni na vichwa vya watu.

Fortunata alimwona baba yake katika suti. Akafungua mkoba, akatia flashi ndani, akafunga zipu. "Zakayo," akasema, "asante, kaka. Rudi kazini."

Kopi mia moja na hamsini zilitimia umeme ukiwa bado upo. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, na nilipoinua macho kila mkono mbele yangu ulikuwa umeshika karatasi yangu. Wasifu uliposomwa hadi pale anapotajwa kuwa aliwakaribisha wageni wa mjini kwenye kibaraza chake, Fortunata aligeuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

Niliogopa benchi langu litahama, kwa kuwa sasa hakuna cha kungoja. Wapi! Jumatatu watu hawakupata pa kukaa. Nakala moja ya wasifu nimeitia fremu, nimeitundika ukutani, ikitazamana na cheti cha Zakayo ng'ambo ya barabara. Wateja huniuliza, "Huyo ni baba yako?"

Nawaambia kaa kwanza, kompyuta imeshaamka lakini mimi bado sijamaliza kuongea.